Umakini Usiotii: Kuielewa na Kuimudu ADHD ya Watu Wazima

Kuna jambo moja linalowachanganya sana watu wanaoishi au kufanya kazi na mtu mwenye ADHD, kifupisho cha jina la Kiingereza la hali inayoitwa upungufu wa umakini na kutotulia. Huyohuyo aliyeshindwa mwezi mzima kujaza fomu ya kurasa mbili anaweza kukesha akisoma namna injini ya ndege inavyofanya kazi, asikumbuke kula, asisikie akiitwa. Wanaomtazama huhitimisha kwamba umakini anao, ila anauchagulia. Naye, akiwa ameyasikia maneno hayo tangu utotoni, huishia kujiona mvivu, mkaidi, mtu ambaye utu uzima umemshinda.

Hitimisho hilo limekosea mahali pamoja tu, lakini hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Umakini anao kweli. Alichopungukiwa ni mamlaka juu ya umakini huo. Unafuata mvuto kama maji yanavyofuata mteremko, na kuupandisha hadi kwenye jambo la lazima lisilo na mvuto wowote kunamgharimu nguvu ambayo wenzake hawajawahi kudaiwa.

Ukiielewa hali hii hivyo, utaona pia kwa nini ushauri mwingi unaotolewa kuihusu hauzai matunda. Unamtaka mtu atumie kilekile alichopungukiwa. Anaambiwa anunue shajara, apange siku yake, ajitahidi kukumbuka, awe na nidhamu. Lakini kupanga, kukumbuka na kujisukuma ndiko hasa kwenye hitilafu. Msaada unaofaa ni ule usiosubiri mtu aukumbuke: unamkuta mahali anapotakiwa kutenda, saa anapotakiwa kutenda.

Ndani ya ubongo

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ina kazi ya usimamizi. Hushikilia jambo akilini wakati unalifanyia kazi, huzuia neno lisikutoke kabla hujalipima, hukusaidia kuanza, kuacha, kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine, kukadiria muda na kutuliza hasira. Usimamizi huo unategemea mitandao ya seli zinazowasiliana kwa kemikali, hasa dopamini na noradrenalini. Kwa mtu mwenye ADHD mawasiliano hayo yanayumba. Hili halina uhusiano na kuwa na akili nyingi au kidogo. Wapo wenye ADHD waliobobea katika taaluma zao, na wapo wenye uwezo wa kawaida, kama ilivyo kwa wanadamu wengine wote.

Dopamini ina sehemu kubwa katika kuupa ubongo ishara kwamba jambo fulani linastahili jitihada. Ishara hiyo ikiwa dhaifu, malipo yaliyo mbali hupoteza uzito upesi. Shahada itakayopatikana baada ya miaka 4, au afya ya uzeeni, ni mambo ambayo mtu huyu anayathamini kwa dhati, ila hayamwinui kitini. Kinachomwinua ni jambo linalomvutia, lililo jipya, lenye ushindani, au lile ambalo muda wake unaisha sasa hivi. Hapo ndipo unapoelewa mtu kupewa wiki 3 za kuandika ripoti, kisha akaiandika yote usiku wa mwisho. Hofu imefanya kazi ambayo nia peke yake haikuiweza. Kwa kuwa ripoti hutoka, na pengine hutoka nzuri, watu hudhani ndivyo apendavyo kufanya kazi. Usingizi uliopotea, moyo uliokwenda mbio na kazi bora zaidi ambayo angeitoa kama angeanza mapema, hayo hayaonwi na mtu.

Muda nao kwake una sehemu mbili: sasa, na siyo sasa. Akiwa na miadi saa 9 alasiri, huenda asianze kitu chochote tangu asubuhi kwa kuogopa kuisahau. Au huenda saa 8 akaanza jambo analodhani ni la dakika 10, akaja kushtuka ni saa 10. Wahenga walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo, na mtu huyu ameitwa mwongo mara nyingi katika maisha yake. Ni hukumu nzito isiyomstahili, kwa sababu aliposema kesho alimaanisha kesho.

Kuna pia upande wa hisia, ambao vigezo rasmi vya uchunguzi havijautaja kama dalili ya msingi, ingawa wenye hali hii wengi huulalamikia kuliko kusahau. Hasira hupanda ghafla na kushuka ghafla. Neno dogo la kukosolewa huuma siku nzima.

Chanzo kikubwa ni urithi. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti zilizopo kati ya watu katika dalili hizi hutokana na jeni, na zinazohusika ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo huongeza uwezekano. Sukari haisababishi ADHD, wala malezi mabaya. Simu ya mkononi haikuizaa hali hii pia, maana imeelezwa tangu kabla ya umeme kuingia majumbani, lakini ni kweli kwamba kifaa kinachotoa kitu kipya kila sekunde humkamata mtu huyu kwa nguvu zaidi kuliko wengine.

Safari ndefu ya kutambuliwa

Mwaka 1798 daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu ambao akili zao haziwezi kutulia juu ya jambo moja, akieleza kwamba mtu anaweza kuzaliwa hivyo. Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto jijini London, alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Ilikuwa mwaka 1980 ambapo mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, ulipouweka upungufu wa umakini mbele, na mwaka 1987 jina la ADHD likaingia.

Kwa miaka mingi hali hii ilihesabiwa kuwa ya watoto tu. Ilidhaniwa kwamba kijana akibalehe inamwacha. Madaktari waliona mtoto aliyekuwa akipanda juu ya meza sasa ameketi, wakaridhika. Kilichopungua ni mwendo wa mwili. Mtu mzima hakimbii chumbani. Anatikisa mguu chini ya meza, anamalizia sentensi za wenzake, anabadili kazi kila baada ya muda mfupi, au ana mashine isiyozimika kichwani hata akilala chali gizani. Makadirio yanayokubalika ni kwamba ADHD iko kwa takriban asilimia 5 ya watoto, na kwa takriban asilimia 2.5 ya watu wazima. Nusu hiyo iliyotoweka haikupona yote. Wengine wamebaki na dalili chache zisizofikia kiwango cha kupewa jina, ambazo bado zinawasumbua.

Kwa nini basi mtu afike miaka 35 au 50 bila kujua? Mara nyingi ni kwa sababu kulikuwa na nguzo zilizomshikilia. Mzazi alimwamsha, kengele ya shule ilimpangia siku, mwalimu alikagua daftari, na akili yake ilimwezesha kufaulu bila kusoma. Kisha akaingia kwenye kazi isiyo na msimamizi wa karibu, akapata watoto, akawa na nyumba ya kuendesha na bili za kulipa. Nguzo zikaondoka na mzigo ukaongezeka kwa wakati mmoja. Kwa nje inaonekana kama ameharibika ukubwani, kumbe mahitaji ndiyo yamezidi kile alichokuwa akikifidia kwa taabu tangu mwanzo.

Wanawake ndio wanaochelewa kutambuliwa zaidi, na kwangu hili ni dhuluma iliyodumu mno. Mvulana anayevuruga darasa hupelekwa kwa daktari. Msichana anayeangalia dirishani akiwa kimya huandikiwa kwenye ripoti kwamba angefanya vizuri zaidi kama angejitahidi. Akikua hutibiwa wasiwasi, hutibiwa sonona, na kwa kweli anaweza kuwa na vyote viwili, lakini hakuna anayeuliza ni kitu gani kimemchosha miaka yote hiyo. Wengi hujitambua siku mtoto wao anapochunguzwa: daktari anaposoma maswali kumhusu mtoto, mzazi anayajibu moyoni kwa ajili yake mwenyewe.

Uchunguzi wa kweli ukoje

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD. Uchunguzi ni mazungumzo marefu na mtu anayeijua kazi hiyo, awe daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa tiba. Mwongozo wa DSM wa mwaka 2013 umeorodhesha dalili 18, 9 za kupungua umakini na 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima anatakiwa kuwa na angalau 5 katika kundi moja, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na kadhaa kati yake ziwe zilikuwapo kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano kazini na nyumbani. Na ziwe zinamharibia maisha, maana kila mtu hupoteza funguo mara mojamoja.

Sharti la utoto ndilo linalotenganisha mengi. Sonona, wasiwasi, matatizo ya tezi ya thairoidi, kukatika kwa pumzi usingizini, kiwewe kilichobaki baada ya tukio baya, hata kutolala vya kutosha kwa miezi, vyote hivi huvuruga umakini. Lakini kwa kawaida vina mwanzo. Ukimuuliza mtu mwenye sonona, anaweza kukuambia kabla ya hapo alikuwaje. Mwenye ADHD hana "kabla ya hapo". Kwa hiyo mchunguzi mzuri ataomba ripoti za shule kama zipo, au ataomba kuzungumza na mzazi au ndugu mkubwa. Pia atakumbuka kwamba mtu anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Sonona na wasiwasi huandamana na ADHD mara nyingi mno kiasi kwamba kutibu kimoja na kukiacha kingine ni kufanya kazi nusu.

Shirika la Afya Duniani lilisaidia kutengeneza dodoso la watu wazima liitwalo ASRS, lenye maswali 18, na 6 ya kwanza hutumika kuchuja haraka. Ni chombo kizuri cha kuanzia. Mtu akipata alama za juu ana sababu ya kutafuta uchunguzi, na hapo ndipo faida ya dodoso inapoishia. Video fupi za mitandaoni nazo zimewafungua macho watu wengi ambao wasingejua kamwe, na sitaki kuzibeza. Tatizo ni kwamba zinaeleza mambo ambayo binadamu yeyote aliyechoka atajiona ndani yake, bila kumuuliza yameanza lini wala yamemgharimu nini.

Dawa

Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa Marekani, aliwapa amfetamini watoto waliokuwa chini ya uangalizi wake na akashangaa kuona takriban nusu yao wanatulia na kusoma. Mwaka 1944 ikatengenezwa methilfenideti. Mpaka leo makundi hayo mawili, yanayoitwa vichangamshi, ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Huongeza dopamini na noradrenalini kati ya seli, hasa katika ile sehemu ya usimamizi, na ndiyo maana kichangamshi kinaweza kumtuliza mtu: kimeamsha breki zake. Huanza kufanya kazi ndani ya takriban saa moja na kuisha baada ya saa kadhaa, kutegemea aina. Kwa watu wazima amfetamini huelekea kufanya kazi vizuri kidogo zaidi, ingawa hakuna anayeweza kujua kabla ni ipi itakayomfaa mtu fulani.

Madhara ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, kinywa kukauka, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kupanda kiasi. Kwa hiyo daktari hupima moyo na shinikizo kabla na baada ya kuanza, na huanza na dozi ndogo. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata dalili za kuona au kusikia yasiyokuwapo, mwenye mabadiliko makubwa ya hisia ya kupanda na kushuka, na mjamzito, wanahitaji tahadhari ya pekee. Asiyeweza kuvitumia vichangamshi anaweza kupewa atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake.

Vichangamshi ni dawa zinazodhibitiwa na sheria karibu kila mahali, na katika baadhi ya nchi aina fulani zimepigwa marufuku kabisa, hata kwa msafiri mwenye cheti cha daktari. Kumgawia rafiki kidonge chako ni hatari kwa mwili wake na kwenu wote mbele ya sheria. Inasikitisha pia kwamba maombi ya kuiingiza methilfenideti katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, kwa hoja kwamba ushahidi wa muda mrefu hautoshi. Nchi nyingi zenye bajeti ndogo hutegemea orodha hiyo kuamua zinunue nini.

Hofu ya dawa hizi inaeleweka, lakini ipimwe na hatari ya kukaa bila tiba. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofuatilia zaidi ya watu milioni 2 wenye ADHD, ulilinganisha miezi ambayo mtu alipata dawa na miezi ambayo yeye mwenyewe hakupata. Katika miezi ya dawa, ajali za magari zilizowafikisha hospitalini zilikuwa pungufu kwa asilimia 38 kwa wanaume na asilimia 42 kwa wanawake. Umakini unaopotea barabarani hauishii kwenye aibu ya kusahau miadi.

Hata hivyo kidonge hakimfundishi mtu kupanga siku. Humpa saa chache za kuweza kuushika usukani, na kama hajaamua anakwenda wapi, anaweza kuzitumia saa hizo zote kupanga upya picha kwenye kompyuta kwa umakini wa ajabu.

Msaada uwekwe palipo na tendo

Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, iliyorekebishwa kwa ajili ya watu wazima wenye ADHD, ina ushahidi mzuri, hata kwa watu ambao tayari wako kwenye dawa. Kinachofundishwa humo, ukikitazama vizuri, ni kuhamisha kazi za ubongo kwenda nje ya ubongo.

Muda uonekane. Saa yenye mishale ukutani, mbele ya macho, hufaa kuliko namba zilizojificha simuni, kwa sababu inaonyesha muda ukipungua. Kengele ziwe mbili, moja ya kumaliza unachofanya na nyingine ya kutoka mlangoni, na maandishi yake yawe tendo: "vaa viatu sasa", siyo "mkutano". Kitu cha kesho kikae mahali ambapo huwezi kupita bila kukigusa. Funguo ziwe na sehemu moja, isiyojadiliwa. Jambo linalokuja akilini liandikwe palepale lilipokuja, kwa maana ahadi ya kuliandika baadaye imeshapotea.

Kuanza ndiko kugumu kuliko kuendelea, kwa hiyo mlango wa kuingilia ufanywe mdogo hadi iwe vigumu kuukataa. "Andika ripoti" si hatua. "Fungua faili na uandike kichwa cha habari" ni hatua. Bandu bandu huisha gogo, mradi kila bandu liwe limekatwa tayari kabla ya saa ya kazi, maana kulikata gogo nako ni kupanga. Husaidia pia kuunganisha tendo na kitu kinachotokea chenyewe: nikimaliza kupiga mswaki, nitameza dawa. Na husaidia mno kuwa na mtu mwingine chumbani au kwenye simu ya video, kila mmoja akifanya lake kimya. Wengi husema kuwapo kwake tu kunawashikilia kwenye kazi.

Pesa zinahitaji ulinzi wa namna yake. Malipo yanayojirudia yajilipe yenyewe benki, akiba ikatwe siku ya mshahara, na kadi isihifadhiwe kwenye tovuti za manunuzi, ili kati ya kutamani na kununua pawe na usumbufu kidogo. Usumbufu huo ndio breki.

Kuna jambo ambalo waandishi wa vitabu vya kupanga maisha hawalisemi vya kutosha: mfumo wowote, hata uwe mzuri vipi, huchoka. Wiki za mwanzo unafanya kazi kwa sababu ni mpya. Upya ukiisha, kengele haisikiki tena, na orodha ukutani inageuka kuwa sehemu ya ukuta. Mtu mwenye ADHD huichukua siku hiyo kama ushahidi mwingine wa udhaifu wake na kuacha kila kitu. Afadhali ajue tangu mwanzo kwamba siku hiyo itafika, abadilishe mlio, rangi, mahali au programu, kisha aendelee. Kubadilisha ni sehemu ya matunzo.

Usingizi na mazoezi nitavigusa kwa kifupi. Wengi wenye ADHD saa yao ya mwili iko nyuma. Usingizi huja usiku wa manane. Kukosa usingizi huzidisha kila dalili iliyotajwa humu. Mazoezi ya kutoa jasho huboresha umakini kwa kiasi fulani, na yanayofaa zaidi ni yale mtu anayoyapenda, kwa sababu hayo ndiyo atakayoyarudia.

Kazini, mara nyingi kinachohitajika ni kidogo: maagizo kwa maandishi, tarehe ndogondogo za ukaguzi kabla ya ile kubwa, na mahali pasipo kelele kwa kazi inayohitaji kufikiri. Haya yanaweza kuombwa hata bila kutaja jina la ugonjwa. Kulitaja au kutolitaja ni uamuzi wa mtu mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mwajiri wake atalipokeaje.

Nyumbani ndiko kwenye jeraha kubwa zaidi. Polepole mwenzi mmoja hugeuka kuwa mkumbushaji, kisha msimamizi, kisha mzazi, na mwingine hugeuka kuwa mtoto anayejificha. Wote wawili hawakuoana kwa ajili hiyo. Mwenzi asiye na ADHD ana haki ya kuchoka, na maelezo ya daktari hayamfutii uchovu huo. Kinachosaidia ni kugawana kazi kwa kuangalia nani anaimudu ipi, badala ya nusu kwa nusu: mmoja akabeba bili na tarehe, mwingine akabeba kupika, watoto, na yale mambo ya dharura ambayo yeye huyamudu kuliko wote. Vikumbusho vitoke kwenye kifaa, siyo kinywani mwa mwenzi. Na mazungumzo kuhusu kilichoharibika yawe na siku na saa yake, kwa mfano kila Jumamosi asubuhi kwa dakika 20, karatasi ikiwa mezani, ili yasizuke mlangoni wakati mmoja anatafuta funguo na mwingine amekwisha kuchelewa.